Nyumba moja, mita tatu, kodi tatu

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu nyumba, kodi na majirani. Anayejibu ni karani mstaafu wa makusanyo ya manispaa, mkazi wa Dar es Salaam.

SWALI

Shikamoo mama.

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, na ndiye niliyebaki nyumbani Tandika na mama yetu. Nyumba aliijenga baba. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Baba alifariki Ramadhani ya mwaka 2014. Mama ana miaka 71. Yeye ana chumba chake, mimi na mke wangu na watoto tuna viwili, viwili wana wapangaji, na kile cha mbele kinachotazama barabara tulikitoboa mlango kikawa fremu ya biashara. Aliyepanga fremu ni fundi cherehani.

Zamani tulikuwa na mita moja tukichangishana umeme. Kila mwisho wa mwezi ulikuwa ugomvi wa friji na pasi. Tukaona tununue amani: tukavuta mita ya pili kwa ajili ya wapangaji, kisha ya tatu kwa ajili ya fremu. Amani ilikuja kweli, ila haikukaa. Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, tukanyamaza. Ilipopanda kuwa 1,500, fundi cherehani alikuja mlangoni na simu yake mkononi, akanionyesha ujumbe wa tokeni, akaniuliza, "Kaka, hii nyumba ni yangu?" Nikakosa la kusema.

Mita zote tatu zinakatwa kila mwezi. Na kwa kuwa wapangaji wetu wawili wanatumia mita moja, anayenunua wa kwanza mwezi ukiingia ndiye anayekatwa. Kwa hiyo tarehe 30 wananunua kidogo cha kusogeza siku, na tarehe mosi wanaviziana. Mara mbili wamelala gizani.

Naandika kwa sababu ya kilichotokea mwezi uliopita. Na mimi nilivizia. Nilijua uniti zimebaki mbili, nikasema kesho mke wangu atanunua kwa pesa ya mandazi yake, kodi ikatwe huko. Usiku umeme ukaisha. Mama akabanwa kifua, akawa anatafuta dawa kwa kupapasa, akaangusha maji, akateleza. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini mke wangu alipommulika kwa simu na nikamwona amekaa chini kwenye maji, sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza, anasema alipe anayekaa. Dada wa Gongo la Mboto anasema nyumba ina wapangaji, yeye asiulizwe. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa mwenye nyumba aje mwenyewe. Nikasema mwenye nyumba ni marehemu. Nikaambiwa niende ofisi nyingine, huko nikakuta foleni, nikarudi. Mtaani wanasema mzee wa zaidi ya miaka 60 halipi kabisa.

Naomba unisaidie. Je, nyumba moja inalipa mara tatu? Mama amesamehewa au hajasamehewa? Na hii kodi ni ya nani hasa?

Mtoto wa Tatu, Tandika

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpe pole mama, na pole wewe pia, maana umesema jambo ambalo wengi wangelificha.

Kabla ya sheria na ofisi, fanya hili leo: mita inayowasha chumba cha mama isikae chini ya uniti kumi, iwe tarehe mosi au tarehe 30. Kinachobaki chote kinaweza kusubiri foleni, hicho hakiwezi.

Sasa hesabu. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, tangu Julai 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka, ndiyo ile 1,500 ya kila mwezi. Kabla yake ilikuwa 12,000, na kabla ya kuhamia kwenye LUKU mwezi Agosti 2021 ilikuwa 10,000. Inatozwa kwa nyumba, si kwa mita. Nyumba yenu ni moja, paa moja, msingi mmoja. Mita tatu zimekatwa 4,500 kwa mwezi, ambayo ni 54,000 kwa mwaka. Kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2025, miezi ishirini na minne, mmelipa 108,000 mahali pa 36,000. Ziada ni 72,000. Hiyo ni pesa yenu, na sehemu yake kubwa ni ya mpangaji na ya fundi cherehani, watu ambao hawana hata tofali moja katika nyumba hiyo.

Mtu wa hali nzuri akisikia 1,500 anashangaa watu wanagombania nini. Mimi sishangai. Mtumiaji mdogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti moja kwa shilingi 122 hivi pamoja na tozo zake. Kwake 1,500 ni uniti kumi na mbili. Kwa chumba chenye taa mbili, redio na chaji ya simu, uniti kumi na mbili ni zaidi ya wiki nzima. Kwa hiyo wapangaji wako wanaoviziana tarehe mosi usiwaite wachoyo. Wanahesabu sawasawa kabisa.

Jibu la swali lako la kwanza basi ni hapana, na ukubwa wa kosa umeuona. Linarekebishwa hivi. Chukua daftari, andika namba za mita zote tatu, na pembeni yake jina lililosajiliwa kwa kila mita. Mara nyingi mita ya pili na ya tatu huwa na jina la aliyefuatilia fomu, si la mwenye nyumba, na mtambo unaona wateja watatu mahali ambapo wewe unaona ukumbi mmoja. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua inayosema kwamba mita hizi tatu, kwa namba zake, ziko katika nyumba moja ya familia moja. Usikubali barua ya "anayetajwa hapo juu ni mkazi wangu" peke yake. Hiyo haitakufikisha popote. Barua hiyo, kitambulisho cha taifa na karatasi ya nyumba uliyonayo, hata kama ni ile ya mauziano ya zamani au leseni ya makazi, vipeleke Mamlaka ya Mapato (TRA) unakohudumiwa, na nakala uipeleke shirika la umeme, TANESCO. Omba mambo mawili kwa maandishi: kodi ibaki kwenye mita moja tu, na ziada iliyokwisha kukatwa ihesabiwe kwenye miezi ijayo. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mimi nilikaa mapokezi miaka mingi, najua karatasi isiyo na mhuri inavyopotea na mwenye karatasi anavyoonekana mwongo.

Mita ya kubaki na kodi iwe ya kwenu. Usiwaachie wapangaji.

Swali la mama ni refu kidogo, na mtaani mmelisikia nusu. Ni kweli msamaha upo kwa mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60. Lakini unamhusu mmiliki, kwa nyumba moja, ya makazi, ambayo yeye mwenyewe anaishi. Mama anaishi humo, umri anao, nyumba ni moja. Mahali pa kukwama ni pawili. Pa kwanza, kipato: maana ya msamaha huu ni kumsaidia mzee asiye na cha kulipia, na ninyi mna wapangaji wawili na fremu yenye cherehani inayosikika mpaka barabarani. Usizifiche. Eleza hali ilivyo, afisa aamue mbele yako. Pa pili ni pagumu zaidi, na ndipo ulipokwama siku ile ulipoambiwa umlete mwenye nyumba. Kwenye karatasi mwenye nyumba ni baba. Amefariki zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyefungua mirathi. Mbele ya sheria mama yako ana miaka 71 na hana nyumba.

Ndiyo maana nasema ofisi ile, pamoja na kukuzungusha, ilikuuliza swali la kweli.

Fungueni mirathi. Kwa familia kama yenu inayofuata Uislamu, mahakama ya mwanzo inatosha, hamhitaji kwenda juu. Mtahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomchagua msimamizi, uliosainiwa na wote mliokaa, yaani na kaka wa Mwanza naye awemo. Mahakama ikimthibitisha msimamizi, anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali ya marehemu, kisha aeleze alivyoigawa. Msimamizi si mrithi mkuu, wala hapewi nyumba. Ni mtumishi wa warithi. Nalirudia hili kila ninapoandika kuhusu mirathi, kwa sababu nimeona nyumba Keko na Mtoni zikiuzwa na wasimamizi waliodhani karatasi ya mahakama ni hati ya umiliki, na wajane wakahamishwa na godoro kichwani.

Sasa naja kwenye jambo ambalo hukuniuliza.

Barua yako ina kila kitu: friji, pasi, mandazi, uniti mbili. Kitu kimoja hakimo. Hukuniambia pango linapokelewa na nani. Vyumba viwili na fremu ya barabarani Tandika, hata nikikadiria kwa chini kabisa, 50,000 kila chumba na 80,000 fremu, ni 180,000 kwa mwezi. Kodi ya jengo kwa mwaka mzima ni 18,000. Pango la mwezi mmoja tu lingelipa kodi ya miaka kumi. Nyumba inajilipia yenyewe na inabakiza. Inawezekanaje basi nyumba inayoingiza kiasi hicho isubiri pesa ya mandazi ya mke wako, na mzee alale gizani?

Sikulaumu wewe, sijui pesa inakwenda wapi, huenda ndiyo inayolisha nyumba nzima na dawa za mama. Ila hakuna daftari, na pasipo daftari kila mtu anaamini mwenzake ndiye anayekula. Kaka wa Mwanza anasema alipe anayekaa kwa sababu anaamini wewe unakusanya. Dada wa Gongo la Mboto amesema waziwazi, nyumba ina wapangaji. Wote wawili wanaongelea 180,000, ila wanaona haya kuitaja, basi wanaing'ang'ania 1,500. Nilipokuwa karani nilipita Temeke na ankara begani tangu 1994, nyumba kwa nyumba, na nakuambia ugomvi wa kodi ninaoukumbuka ulikuwa mlango tu. Ukiingia ndani unakuta ugomvi wa urithi umekaa sebuleni.

Nikukumbushie siku hizo kidogo, uone tofauti. Wakati ule nyumba zilifanyiwa uthamini, na mtu alipopelekewa ankara alikuwa na mtu wa kumkasirikia. Alinikasirikia mimi. Mzee mmoja wa Keko alikuwa ananikaribisha kahawa kwanza, ananiuliza mtaro wa nyuma utachimbwa lini, ananigomea, halafu mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe dirishani na pesa imefungwa kwenye leso. Kazi ile ilikuwa na aibu zake, wenye majumba makubwa walikwepa na sisi tuliwaona. Julai 2016 makusanyo yakahamia TRA, mwaka 2017 watu wakapanga foleni ndefu kulipa, kisha vikaja viwango vya mkupuo, visivyotazama thamani ya nyumba, kisha LUKU. Kwa LUKU hakuna anayekwepa akiwa na umeme, na foleni zimekwisha. Nayakubali hayo. Lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayebonyeza namba. Kodi imeingia nyumbani bila kubisha hodi, haikumkuta mtu wa kuiuliza swali la mtaro, ikaanza kukatwa kwa yeyote aliyekuwa karibu. Ndiyo maana hasira zake zimemfikia fundi cherehani badala ya kuufikia mkutano wa mtaa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu: kodi hii ni ya mwenye nyumba. Si ya wapangaji, si ya mke wako, na si yako kwa sababu tu umebaki kumtunza mama. Mwenye nyumba kwa sasa ni mirathi ya baba yenu, na mirathi ina kipato chake, nalo ni pango. Shilingi 18,000 zitoke kwenye pango kabla halijagawiwa wala kuliwa na mtu yeyote. Kinachobaki kina haki ndani yake. Mama ana thumni yake kama mjane mwenye watoto, nayo si hisani ya mtoto yeyote. Nanyi watano mna yenu. Mkikubaliana haki zenu zibaki kwenye matunzo ya mama, vizuri sana, lakini iwe mmekubaliana na imeandikwa.

Wapigie simu wote wanne, chagueni Jumapili moja, na aliye mbali awekwe kwenye simu yenye sauti kubwa katikati ya mkeka. Anza kwa kuwasimulia usiku ule kama ulivyonisimulia mimi, usipunguze kile cha kuvizia. Kisha toa daftari. Fundi cherehani na wapangaji waambie hata kabla ya kikao kwamba makato yao umeyaona. Kila mmoja akuletee ujumbe wake wa tokeni, jumlisheni pamoja, na kiasi hicho kipungue kwenye pango lijalo. Fundi alikuuliza kama nyumba ni yake. Anastahili kujibiwa.

SWALI

Mama, habari za kazi.

Nimepanga apatimenti Sinza, ghorofa ya pili. Kila mwezi LUKU inakatwa 7,500. Mwenye nyumba anakaa Mbezi. Nilipomwambia, akasema kodi ya jengo siku hizi ni ya anayetumia umeme, serikali ndiyo imeamua hivyo. Nimelipa miezi kumi na moja. Mkataba unaisha mwezi ujao na ameshaniambia pango linapanda "kwa sababu ya kodi." Nalipa kodi mara ngapi?

Mpangaji, Sinza

JIBU

Unalipa mara mbili, na mwenye nyumba anataka kukulipisha mara ya tatu.

Serikali haikuamua hivyo. Kilichobadilika mwaka 2021 ni njia ya kukusanya tu. Mwenye wajibu alibaki kuwa mwenye jengo, na tangu mwanzo ilielezwa kwamba mpangaji aliyekatwa kwenye LUKU aelewane na mwenye nyumba arudishiwe kwenye pango. Kwa nyumba za ghorofa ni 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa, ndiyo 7,500 yako ya kila mwezi. Miezi kumi na moja ni 82,500. Kusanya ujumbe wa tokeni wa kila mwezi, ule wenye makato, uandike kwa mstari: tarehe, kiasi ulichonunua, kodi iliyokatwa. Kama umefuta ujumbe, pitia miamala ya simu yako. Umpelekee kabla hamjakaa kuzungumzia mkataba mpya, kwa adabu na kwa maandishi. Usimpigie simu, maana kwenye simu atakuambia tutaongea.

Kwenye mkataba mpya kiwekwe kifungu kimoja: kodi ya jengo inayokatwa kwenye mita itapunguzwa kwenye pango kila awamu ya malipo. Akitaka kupandisha pango, hiyo ni biashara yake na wewe una hiari ya kuhama. Lakini akitaja kodi ya jengo kama sababu, muulize analipa wapi, maana risiti zote unazo wewe.

Maneno yetu nayo yanachangia. Tunasema "kodi ya nyumba" tukimaanisha pango, tunasema "kodi ya jengo" kwa hii ya LUKU, na wenye hati wanalipa kodi ya pango la ardhi, ambayo ni nyingine kabisa, inakwenda Wizara ya Ardhi na inategemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Mwenye nyumba mjanja anazichanganya zote tatu kwenye sentensi moja. Mwombe azitaje moja moja.

Na niseme linaloniuma katika viwango hivi vya mkupuo. Nyumba ya chini Masaki, yenye bustani na bwawa la kuogelea, ni 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya familia ya Tandika niliyoijibu hapo juu, yenye choo cha uani, ni hiyohiyo 18,000. Wewe mwenye apatimenti ya kupanga, kwa sababu tu imepandishwa juu ya nyingine, unakatwa 90,000. Uthamini ulikuwa kazi ngumu na yenye mianya, nimekiri. Lakini ulikuwa unajaribu kutazama nyumba yenyewe. Ningependa urudi, na nimelisema hili kila nilipopewa nafasi ya kusimama kwenye mkutano.

SWALI

Mama, nina kibanda nimejenga Chanika, hakijaisha, hakuna anayekaa. Umeme nilivuta mapema. Nimekaa miezi kumi na minne bila kununua. Juzi fundi alitaka kuchomelea madirisha, nikanunua wa 25,000, zikaja uniti kumi na moja. Nimeibiwa?

Mjenzi, Chanika

JIBU

Hujaibiwa. Usiponunua umeme kodi haisimami, inalimbikizwa kwenye mita na inakusubiri. Miezi kumi na minne kwa 1,500 ni 21,000. Ikabaki 4,000 ya umeme, nayo kwa bei ya mtumiaji wa kawaida, inayokaribia 357 kwa uniti, ni hizo uniti kumi na moja ulizopata.

Ujumbe wa tokeni unaonyesha makato hayo, usome mpaka chini. Kama unaona jengo lako bado halijafikia kuitwa nyumba, piga picha lilivyo, bila paa au bila madirisha, uende nazo TRA pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa wa huko Chanika, si wa hapa unapokaa. Fanya hivyo mapema, maana kila mwezi unaongezeka. Vinginevyo nunua kidogo kila mwezi ili usije ukakuta tena deni siku una fundi ameshika mashine mkononi.

Na namba ya mita iandike mahali pawili. Ile karatasi uliyoibandika ukutani kwenye jengo lisilo na madirisha, mvua moja ya masika inaondoka nayo.